Nywila Anayo Fundi

Basi linalotoka Singida kwenda Mwanza likisimama Misigiri, abiria huwa na dakika chache. Wanaokwenda Kiomboi hushuka na mizigo yao, maana hapa ndipo njia ya kwenda makao makuu ya Wilaya ya Iramba inapoiacha barabara kuu. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo nayo hupita hapahapa. Ni mji wa njia panda, na kama ilivyo miji mingi ya njia panda Tanzania, haukosi kibanda cha wakala wa pesa, stesheneri ya kutoa kopi, na fundi simu mwenye meza iliyojaa betri na vioo vilivyopasuka.

Kwenye meza kama hiyo, iwe Misigiri, Shelui au Igunga, kuna mazungumzo ambayo hayabadiliki sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Simu yangu ilidumbukia kwenye ndoo, nimenunua hii. Nirudishie picha zangu."

"Zipo Google, mama. Nipe nywila."

"Nywila? Si mnayo ninyi mlioniuzia?"

Kijana hana. Aliyeuza simu ya kwanza alifungua akaunti harakaharaka ili programu zishuke na mteja aondoke. Akabuni jina, akabuni nywila, akaingiza namba ya laini iliyokuwa mkononi siku hiyo, akageukia mteja mwingine. Tangu hapo picha zimekuwa zikipanda kwenye akaunti hiyo zenyewe: za ubatizo, za msiba wa babu, za shamba la alizeti lilipochanua, na ile ya karatasi ya mauziano ya kiwanja. Zote zipo. Hakuna aliyezifuta wala kuziiba. Ila mwenye nazo hawezi kuzifikia, na kampuni inayozitunza ng'ambo haiwezi kumtambua kuwa ndiye mwenyewe.

Wataalamu wa kompyuta wakizungumzia kupotea kwa data hutaja moto, wadukuzi na virusi. Vyote vipo, na vitatajwa hapa. Lakini katika miji ya aina ya Misigiri kinachopoteza kumbukumbu za watu kwa wingi ni ufunguo. Mwananchi ameambiwa aweke mali yake ghalani, akaiweka kweli, na ufunguo ukabaki kwa mtu ambaye hata halikumbuki jina lake.

Ghala lenyewe lina masharti ambayo wachache waliyasoma. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya gigabaiti 15, na tangu Juni 2021 picha nazo huhesabiwa humo. Nakala rudufu za WhatsApp kwa simu za Android zilikuwa hazihesabiwi. Kufikia 2024 nazo zikaanza kula nafasi hiyohiyo. Ikijaa, picha mpya haziendi tena, na simu huendelea kutoa taarifa ambayo mwenyewe huipuuza kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza na haimzuii kupiga simu. Desemba 2023 kampuni hiyo ilianza kufuta akaunti ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili. Miaka miwili si mingi. Kijana akienda kuchimba dhahabu na simu ndogo ya tochi, au bibi akiweka simu janja kabatini kwa sababu chaji haikai, muda huo hupita bila kelele.

Halafu kuna namba ya simu. Laini isipotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba huweza kupewa mteja mwingine. Namba hiyo ndiyo ambayo akaunti huitumia kutuma ujumbe wa kuthibitisha mwenye mali. Ikishapata mmiliki mpya, ujumbe wa kufungulia ghala la mama wa Misigiri utaingia kwenye simu ya mtu wa Mtwara, naye ataufuta akidhani ni matapeli.

Neno "wingu" nalo limechangia kupotosha. Wingu la mvua halina mwenyewe wala mlango. Wingu la kompyuta lina anwani, lina mlinzi, lina bili ya umeme na mkataba unaoweza kubadilishwa na upande mmoja. Kwa huduma kubwa zinazotumiwa na watu wa Afrika Mashariki, vituo vya data vya kampuni hizo vilivyo jirani kidogo viko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua vyake mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Serikali ya Tanzania ina Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data, Kijitonyama, Dar es Salaam. Yote haya ni majengo. Yana paa, yana nyaya, yana betri, na jengo lolote lenye betri linaweza kuungua.

Korea Kusini imelijua hilo kwa gharama kubwa. Jioni ya Septemba 26, 2025, mafundi walikuwa wakihamisha betri za lithiamu katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon. Moto ukazuka, ukachukua takribani saa 22 kuzimwa. Mifumo 709 ya serikali ilisimama kwa mkupuo, na 96 kati yake iliteketea moja kwa moja. Hii ni nchi inayouzia dunia simu, runinga na vipande vya kuhifadhia kumbukumbu. Kama kuna serikali iliyotarajiwa kulijua jambo hili kuliko zote, ni hiyo. Mifumo mingi ilirudishwa hatua kwa hatua kutoka kwenye nakala zilizokuwa kwingineko. Mmoja haukurudi. Uliitwa G-Drive, hifadhi ya wingu ambamo tangu 2018 watumishi wa umma walielekezwa kuweka nyaraka zao za kazi badala ya kuziacha kwenye kompyuta za mezani. Kila mtumishi alikuwa na gigabaiti 30. Zilizoungua ni terabaiti 858, sawa na ujazo wa simu zaidi ya 13,000 zenye gigabaiti 64 kila moja, na hapakuwa na nakala nje ya jengo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba hifadhi hiyo ilikuwa kubwa mno kuweza kurudufiwa.

Maelezo hayo yanastahili kusomwa mara mbili. Mali ilikuwa nyingi mno, kwa hiyo ikaachwa bila ulinzi! Na wizara iliyoumia kuliko nyingine ni ile inayosimamia utumishi wa umma, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyotii agizo kikamilifu. Watumishi wakaidi wa ofisi nyingine, waliokuwa bado wanabakiza faili zao kwenye kompyuta ya mezani kinyume cha maelekezo, asubuhi iliyofuata walikuwa na kazi zao.

Mfano wa upande wa pili ulitokea Australia mwaka mmoja kabla. Mwanzoni mwa Mei 2024, mfuko wa pensheni uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, uliamka na kukuta hifadhi yake ya wingu imefutwa. Haukudukuliwa. Kosa la kupanga mipangilio upande wa Google Cloud ndilo lililoifuta. Wanachama hawakuweza kuona akiba zao kwa takribani wiki nzima. Kilichosaidia kuuokoa mfuko ni kwamba uliwahi kuamua kuweka nakala nyingine kwa kampuni tofauti kabisa. Gharama ya nakala hiyo huenda ilishanung'unikiwa vikaoni kwa miaka. Wiki hiyo iliilipa yote.

Siku chache baada ya hapo, zamu ikawa ya Afrika Mashariki. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alilazimika kutoka hadharani kueleza kwa nini intaneti inasuasua nchi nzima. Kampuni za simu zilihangaika kununua njia mbadala, na huduma zikarudi kwa kuchechemea. Hakuna faili hata moja lililoungua siku hiyo. Kila kitu kilikuwa salama salimini Cape Town, Dublin na Virginia. Ila mwenye stesheneri aliyekuwa na barua za wateja wake kwenye wingu peke yake hakuwa na cha kuchapa.

Julai 2023 Wakenya walikuwa wameonja jambo la jamii hiyo pale mfumo wa eCitizen, unaobeba huduma za serikali zaidi ya 5,000, uliposhambuliwa na wadukuzi na watu wakakwama na viza, pasi na leseni zao. Na Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu wa Tanzania, intaneti ilizimwa nchini na kurejea baada ya siku kadhaa. Kila mtu ana lake la kusema kuhusu siku zile. Kwa mada ya makala haya inatosha kusema kwamba aliyekuwa na daftari la madeni la karatasi alijua nani anadaiwa, na aliyekuwa nalo kwenye wingu pekee alisubiri.

Huko duniani kuna hata waliopoteza bila moto, bila kosa la mteja na bila waya kukatika. Mwaka 2019 mtandao wa Myspace, uliokuwa makazi ya wanamuziki wa kizazi kizima, ulikiri kwamba ulipokuwa ukihamisha seva zake ulipoteza nyimbo, picha na video zilizopandishwa kwa takribani miaka 12. Ikaripotiwa nyimbo milioni 50. Wasanii waliodhani wimbo wao uko mtandaoni milele waligundua kwamba milele hiyo ilikuwa chini ya bodi ya wakurugenzi.

Muziki una somo jingine, la nyumbani. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Santuri ni kitu dhaifu. Ikianguka inavunjika, sindano mbovu inaikwaruza. Lakini ziliuzwa Zanzibar, Mombasa na kote pwani, zikaingia majumbani, migahawani, kwenye masanduku ya mabaharia. Zilivunjika nyingi mno. Zilizobaki zinatosha, na sauti ya Siti inasikika karibu miaka mia moja baadaye. Sasa linganisha na hazina ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru bendi ziliingia studio za redio hiyo kurekodi, na mkanda wenyewe, rili, ukabaki kwenye rafu moja ya jengo moja. Joto, vumbi na unyevunyevu wa Dar vikafanya kazi yao, na mashine za kuchezea rili nazo zikazeeka zikakosa vipuri. Mwaka 2012 wapenzi wa muziki huo, chini ya jina la Tanzania Heritage Project, walizindua kampeni ya kuchangisha fedha ili rili hizo ziingizwe kwenye kompyuta. Rili ilikuwa chombo bora kuliko santuri kwa kila kipimo cha ufundi. Santuri iliishinda kwa kuwa ilikuwa kwenye nyumba nyingi.

Na rili ikishageuzwa faili bado haijafika nyumbani. Faili linaweza kukaa kwenye kompyuta moja, ndani ya chumba kilekile kilichoiharibu rili. Rafu ni ileile, ila sasa ina nyaya.

Hapo Misigiri kompyuta ya stesheneri ni hifadhi ya nyaraka za taifa kwa namna yake, ingawa hakuna aliyeipa cheo hicho. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo ya halmashauri huhitaji katiba na muhtasari wa kikao, navyo huchapwa hapo. Barua ya mwenyekiti wa kijiji, tangazo la msiba, mkataba wa kukodi shamba, maombi ya kazi ya kijana aliyemaliza chuo, vyote huchapwa hapo na hubaki kwenye kioo cha kompyuta, kila kimoja na jina lake: "barua", "barua mpya", "barua mpya 2". Siku mashine ikianza kuwa nzito, anaitwa fundi. Anapiga Windows upya. Katiba za vikundi, mikataba na barua mpya 2 vinakwisha ndani ya nusu saa, na mwenye stesheneri anamlipa kwa kazi nzuri.

Ukiendelea na barabara kuu kutoka Misigiri kuelekea Igunga, unateremka mlima Sekenke, ambao madereva wa malori wanaujua vizuri kwa kona zake. Katika eneo hilo ilipatikana dhahabu mwaka 1907, enzi za Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia njia ya baharini, Wajerumani waliifanya dhahabu ya Sekenke kuwa sarafu ya rupia 15, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, tembo upande mmoja. Sarafu hizo bado zinasomeka. Mwaka na thamani vinaonekana kama vilivyopigwa jana. Video ya harusi iliyopigwa Iramba mwaka 2006 na kuwekwa kwenye DVD haisomeki, kwa sababu nyumba nzima haina tena kifaa cha kuichezea, na mpiga video alishafuta faili zake zamani apate nafasi ya harusi nyingine. Hakuna anayependekeza harusi zichongwe kwenye dhahabu. Ila inafaa kukumbuka kwamba kadiri chombo kinavyokuwa cha kisasa ndivyo kinavyohitaji kuangaliwa mara kwa mara, ilhali kwa desturi yetu kitu kikishaitwa cha kisasa ndipo tunapoacha kukiangalia.

Msomaji anaweza kuuliza kama suluhisho basi ni kurudi kwenye karatasi. La hasha. Karatasi ina adui zake, na mchwa wa Singida hawahitaji nywila. Desemba 3, 2023, katika mkoa jirani wa Manyara, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Nyumba zilisombwa na kila kilichokuwa ndani yake, vyeti vya kuzaliwa, hati na albamu vikiwemo. Nyumba inaposombwa hivyo, picha ya marehemu iliyokuwa imetumwa kwa binti aliye mkoa mwingine, au iliyopanda kwenye wingu, inaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki. Kwa hiyo wingu lina kazi yake, na ni kazi kubwa: liko mbali. Umbali huohuo unaoliokoa na tope la Hanang ndio unaolifanya lisifikike nyaya za bahari zikikatika. Ubaya unaanza pale linapokuwa mahali pekee.

Wakulima wa Iramba hawahitaji semina kuhusu hili. Mahindi ya mbegu hufungwa na kutundikwa juu ya meko, moshi ukayakausha na kuwafukuza wadudu. Mbegu nyingine huwekwa kwenye chombo kilichozibwa. Jirani au mkwe akipewa kidogo apande kwake, naye ni ghala. Mwaka ukiwa mbaya, mbegu huombwa zilikopelekwa. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh alikuja kuliweka jambo hilohilo katika kanuni ambayo sasa inafundishwa vyuoni: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Mkwe alishakuwa nakala ya tatu zamani sana.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ilitekelezwa kwa akili hiyohiyo. Hatimiliki ya kimila inapotolewa, kwa kawaida mwenye shamba hubaki na nakala yake, masjala ya ardhi ya kijiji hubaki na yake, na ofisi ya ardhi ya wilaya na yake. Masjala ya kijiji ikiezuliwa na upepo, haki ya mtu haipeperuki nayo. Lakini mifumo mipya inayoletwa vijijini haijengwi hivyo kila mara. Mwalimu wa shule ya msingi anasajili wanafunzi kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani. Mganga wa kituo cha afya anaingiza wagonjwa kwenye mfumo wa GoTHOMIS. Ni mifumo mizuri. Imepunguza safari za kwenda wilayani na imeziba mianya mingi ya ubadhirifu. Swali ambalo diwani yeyote anaweza kuliuliza kwenye baraza lake ni dogo: intaneti ikikatika wiki nzima, hapa kituoni kinabaki nini mkononi? Na je, nakala iliyopo iliwahi kujaribiwa kufunguliwa, au inaaminiwa tu kuwa ipo?

Jibu la "mifumo ipo salama makao makuu" halitoshi. Daejeon ilikuwa makao makuu.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Mjadala wa umma kuhusu sheria hiyo umeelemea upande mmoja, wa taarifa kuvuja: nani ameuza namba za watu, nani amesambaza picha. Ni woga halali. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka anayekusanya taarifa azilinde pia zisipotee na zisiharibiwe, na huko hakuna anayepiga kelele. Taarifa iliyovuja ina mlalamikaji. Iliyopotea mara nyingi haina, maana mwenyewe hugundua baada ya miaka, siku anapoihitaji mahakamani, hospitalini au kwenye urithi. Ingefaa Tume na Mamlaka ya Serikali Mtandao ziziulize taasisi za umma kila mwaka, kwa maandishi, zimejaribu lini kurejesha data kutoka kwenye nakala zake. Ilichukua muda gani? Nini hakikurudi? Ofisi isiyo na tarehe ya kujibu haina nakala; ina matumaini.

Kwa mtu binafsi kazi si kubwa kama inavyosikika. Flashi ya gigabaiti 64 kwenye maduka mengi haipishani sana bei na jogoo wa kienyeji, na Singida majogoo si haba. Picha zihamishiwe humo kila baada ya miezi michache, flashi ikae kwa ndugu na si kwenye mkoba uleule wa simu. Flashi nayo isiabudiwe. Taarifa ndani yake hushikiliwa na chaji ndogo mno ya umeme, na ikiachwa kabatini miaka mingi bila kuchomekwa popote, chaji hiyo huvuja taratibu. Picha chache zenye uzito, ya wazazi, ya kaburi, ya mpaka wa shamba na mashahidi wake, zichapwe kwenye karatasi kabisa. Vyeti vipigwe picha na vitumwe kwa watu wawili wanaoaminika, walio mikoa tofauti. Nywila iandikwe. Wataalamu wa mijini watashtuka wakisikia nywila imeandikwa kwenye daftari, lakini kwa mama ambaye hatari yake kubwa ni kusahau, daftari lililofungwa sandukuni pamoja na hati ya kiwanja ni salama kuliko kichwa cha muuza simu aliyeshahamia Kahama.

Vijana waliosoma nao wana deni hapa. Wengi wao ndio waliowafungulia wazazi akaunti, wakaweka namba zao wenyewe, kisha wakabadili laini walipofika chuoni. Likizo ijayo, kabla ya kumwonyesha baba video za kuchekesha, mtu aingie kwenye akaunti ya baba, aangalie namba ya uthibitisho ni ipi, aibadilishe, amwachie maandishi.

Lililobaki ni la wenye maduka, na halihitaji waziri wala bajeti. Ninyi mnaouza simu na kutoa kopi njia panda ya Misigiri, na wenzenu wa Shelui na Kiomboi: mnapomfungulia mteja akaunti, mwulizeni jina analotaka, mwacheni achague nywila yake mwenyewe, kisha andikeni vyote viwili, pamoja na namba iliyotumika, nyuma ya risiti ya simu. Mpeni mkononi. Mwambieni aitunze ilipo kadi yake ya kliniki. Na kabla fundi hajapiga Windows, mwulizeni kwanza faili za watu zimehamishiwa wapi.